Shule ikigeuka makazi ya waliokumbwa na maporomoko: magonjwa hutoka wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu msaidizi wa shule ya msingi iliyo pembezoni mwa Jiji la Mbeya, chini ya mlima. Tangu tope la Mlima Kawetere lilipofunika nyumba kule Itezi mwezi Aprili 2024, kamati ya maafa ya kata imetuambia kwamba mvua zikileta balaa tena, shule yetu ndiyo itakayopokea kaya zipatazo 40, yaani watu wasiopungua 180. Tuna madarasa saba na vyoo vya matundu 12. Wazee wa mtaa wanasema baada ya maafa kipindupindu hakikwepeki, kwa kuwa maiti na mizoga huchafua hewa na maji. Je, ni kweli? Tujiandae kwa ugonjwa upi kwanza, na baadaye wanafunzi warudi darasani lini?

JIBU: Mwalimu, nakushukuru kwa kuuliza kabla mvua hazijaanza, kwa sababu sehemu kubwa ya nitakayoyaeleza haiwezekani kuanza kuyafikiria usiku ambao watu wamefika wameloa, wamebeba watoto na hawajui waliko ndugu zao.

Nianze na maiti, kwa kuwa hofu hiyo imesababisha madhara mengi. Mtu aliyefukiwa na tope amekufa kwa kuumia au kwa kukosa hewa. Hakuwa mgonjwa wa ugonjwa wa mlipuko, na vijidudu vilivyomo mwilini mwake havina njia rahisi ya kuwafikia walio hai, kwa maana hapumui, hakohoi wala haendi chooni. Katika maporomoko ya Katesh, wilayani Hanang, Desemba 3, 2023, watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na hata kwa idadi kubwa kama hiyo hakuna sababu ya kitabibu ya kuzika haraka haraka katika kaburi la pamoja kabla ndugu hawajawatambua watu wao. Wanaobeba miili wavae glavu na viatu vya mpira, kisha wanawe kwa sabuni, hiyo inatosha. Hali ni tofauti pale marehemu alipokufa kwa kipindupindu au ebola, na hapo mazishi yasimamiwe na wataalamu wa afya. Mizoga ya mifugo iondolewe karibu na visima na ifukiwe, na nyama ya ng'ombe aliyekutwa amekufa isiliwe hata kama inaonekana nzima, kwa sababu si rahisi kujua kama mnyama huyo alikufa maji au alikufa kwa kimeta.

Magonjwa ya vituo vya hifadhi hutoka kwa walio hai na kwenda kwa walio hai. Vijidudu huwa tayari vimo katika jamii siku moja kabla ya maafa, ila kila familia inakuwa na choo chake, ndoo yake na chumba chake. Maafa huwaweka watu 180 katika madarasa saba, huwapa vyoo vya pamoja na chanzo kimoja cha maji, na wakati huohuo hukatiza chanjo na dawa zilizokuwa zikiwalinda.

Ndiyo maana kipindupindu hakiji chenyewe kama malipo ya maafa. Lazima bakteria wake wawepo. Tetemeko liliipiga Haiti Januari 2010, lakini kipindupindu kilianza Oktoba, miezi tisa baadaye, kikaanzia bonde la mto Artibonite, mbali na makambi ya Port-au-Prince, na kililetwa na binadamu kutoka nje ya nchi. Kwa jirani zetu wa Malawi, kimbunga Freddy kilipopiga Machi 2023, mlipuko ulikuwa tayari umeendelea kwa mwaka mzima. Mlipuko huo uliua watu zaidi ya 1,700. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna budi kuutazama mfano huo kwa makini, kwa kuwa watu na bidhaa huvuka mpaka wa Kasumulu kila siku, na Kyela pamoja na bonde la Usangu zimewahi kusumbuliwa na ugonjwa huu. Kwa hiyo jibu kwa wazee wenu ni kwamba kipindupindu kinaweza kuja, lakini kinakuja kwa njia ya choo na maji, na njia hizo mbili mnaweza kuzifunga.

Hata hivyo, mtu akiniuliza shule iliyo mjini Mbeya iogope nini kwanza, nitataja surua, kikohozi na dawa zilizokatika kabla ya kipindupindu.

Surua ndiyo inayonitia hofu kuliko yote. Virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na katika watu kumi wasio na kinga waliokaa naye, tisa wataugua. Mlima Pinatubo ulipolipuka nchini Ufilipino mwaka 1991, watoto wa jamii ya Aeta, ambao wengi wao hawakuwa wamechanjwa, walihamishiwa katika vituo vilivyojaa watu, na humo surua ikaongoza kwa kuua. Volkano iliwakosa, darasa likawapata. Kwa hiyo msisubiri mtoto wa kwanza atoke vipele. Mwombeni Mganga Mkuu wa Jiji alete chanjo ndani ya siku za mwanzo kwa watoto wote wa miezi 6 hadi miaka 15, bila kujali kama kadi ipo au imesombwa na tope, maana dozi ya ziada haimdhuru mtoto. Pamoja na chanjo yatolewe matone ya vitamini A, ambayo hupunguza vifo na upofu kwa atakayeugua. Mtoto akishapata homa, macho mekundu, mafua na vipele vinavyoanzia usoni, atengwe chumba cha peke yake na mama yake, na taarifa iende siku hiyohiyo.

Kikohozi kinahusiana na baridi yetu. Baada ya tsunami ya Machi 2011 nchini Japani, influenza ilizuka katika vituo vya mkoa wa Miyagi, ambako watu walilala wamebanana wakati wa baridi kali. Yeyote aliyelala Uyole mwezi Juni anaelewa kitakachotokea: watu watafunga madirisha yote, wataziba nyufa kwa mablanketi, kisha mtu ataingiza jiko la mkaa ndani. Hewa itakuwa nzito, nimonia na kifua kikuu vitapata nafasi, na gesi ya mkaa inaweza kuua darasa zima usingizini bila harufu wala kelele. Nimeona walinzi wa kituo wakigombana na watu kila usiku kuhusu madirisha, na nikajifunza kwamba ugomvi ule haukuwa wa madirisha. Watu walikuwa na blanketi moja kwa watu watatu. Walipopata mablanketi na mikeka ya kutosha, madirisha ya juu yalibaki wazi bila mtu kulazimishwa. Kwa hiyo blanketi liwekwe katika orodha ya vifaa vya kuzuia nimonia, jirani kabisa na sabuni.

Hesabu ya nafasi nayo ni muhimu. Kiwango kinachotumika kimataifa ni mita za mraba 3.5 kwa kila mtu. Darasa la mita 7 kwa 9 lina mita za mraba 63, ambazo ni watu 18. Madarasa saba ni watu 126, na nyinyi mnatarajia 180. Iambieni kamati ya kata mapema kwamba watu zaidi ya 50 watahitaji ukumbi wa kanisa au jengo jingine, maana mkishawapokea wote ni vigumu sana kuwaambia wengine wahame tena. Wanaokohoa kwa wiki mbili au zaidi walazwe karibu na madirisha au wapewe chumba chao, na wapimwe makohozi. Wengine walale kwa kupishanisha vichwa na miguu, wakiachiana mita moja inapowezekana.

Sasa dawa. Hili huzungumzwa kidogo sana, na katika mikoa yetu ni kubwa kuliko pengine popote nchini. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI wa 2022–2023 ulionyesha kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wenye miaka 15 na zaidi kuwa asilimia 12.7 Njombe, asilimia 11.1 Iringa na asilimia 9.6 Mbeya. Chukua watu wazima 100 watakaolala shuleni kwenu: tisa au kumi kati yao huenda wanaishi na VVU, na wengi wao wanameza kidonge kila siku. Kidonge hicho kilikuwa kwenye kabati, na kabati liko chini ya tope.

Nakumbuka mama mmoja aliyekaa siku tatu katika kituo bila dawa. Kila asubuhi mhudumu aliyevaa kizibao aliingia darasani na kuuliza kwa sauti kama kuna anayetumia dawa za kufubaza virusi. Mama yule alikuwa amekaa kati ya mkwewe na majirani zake wa mtaa, akitazama chini na kukunja upindo wa khanga yake. Siku ya nne alimfuata muuguzi kisimani. Kosa lilikuwa letu sote tuliohudumu pale, kwa kuwa tuliuliza swali la siri mahali pa wazi.

Namna iliyo salama ni hii. Ofisi moja ya walimu, yenye mlango unaofungwa, iwe ya mhudumu wa afya kuanzia siku ya kwanza, na kila mtu mzima aingie humo mmoja mmoja kuulizwa swali lilelile: kuna dawa yoyote unayotumia kila siku? Mwenye shinikizo la damu ataingia, mwenye kisukari ataingia, mwenye kifafa, mwenye kifua kikuu na mwenye VVU vilevile, na asiyetumia chochote ataingia pia, ili kuingia kusimtambulishe yeyote. Majina yabaki kwa mhudumu. Wewe mwalimu na mwenyekiti wa mtaa hamhitaji kuyajua. Kupoteza kadi ya kliniki kusiwe sababu ya mtu kukaa bila dawa, kwa kuwa kituo chake kinaweza kuulizwa kwa simu. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu aliye katikati ya matibabu ya miezi sita uharaka ni uleule, kwa sababu dawa zikikatika anaweza kuanza tena kuambukiza, safari hii akiwa na vijidudu vilivyozoea dawa, ndani ya chumba cha watu 18.

Nirudi kwenye maji na choo, ambako kazi yenu kama walimu itakuwa kubwa zaidi. Kiwango ni lita 15 kwa mtu kwa siku kwa kunywa, kupika na usafi. Watu 180 wanahitaji lita 2,700 kila siku, kwa hiyo tanki la lita 5,000 halimalizi siku mbili, na mabomba ya mtaani huenda yamekatwa na tope. Jueni leo gari la maji litatoka wapi.

Maji yakishafika, yatazameni yanapoharibikia. Maji ya kisima kizuri au ya bomba lililowekwa klorini huchafuka mara nyingi yakiwa tayari ndani ya darasa. Ndoo iko wazi pembeni ya mlango, kopo moja la plastiki linaelea juu yake, mtoto aliyetoka chooni anachota, na mkono wake unazama hadi kifundo. Mtoto wa pili anachota nyuma yake. Kufika jioni, ndoo ile imepokea vidole ishirini. Ndoo zenye koki na mfuniko, au madumu yenye mdomo mwembamba, huzuia jambo hilo bila kumhubiria mtu yeyote.

Maji yenye tope yasitiwe klorini moja kwa moja, maana uchafu huimaliza dawa kabla haijaua vijidudu. Yaacheni yatuame, kisha yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Utafiti uliofanyika vijijini Bangladesh, matokeo yake yakatolewa 2003, ulionyesha kuwa kuchuja maji kwa sari iliyokunjwa kulipunguza kipindupindu kwa takriban nusu, na nguo kuukuu ilifaa kuliko mpya kwa sababu nyuzi zake zimelegea na kuziba matundu. Khanga kuukuu iliyofuliwa itafanya kazi hiyo. Baada ya kuchuja, wekeni vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kusubiri dakika 30. Afisa afya apime klorini iliyobaki: inatakiwa iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita pale bombani.

Kuhusu kuchemsha, wapo wanaosema kwamba huku juu maji huchemka kabla ya kupata moto wa kutosha. Ni kweli kwamba Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 badala ya 100, lakini nyuzi 94 zinaua bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo bila shida. Yatokote kwa dakika moja kamili. Kwa wenzetu wa Makete na sehemu nyingine zilizo juu ya mita 2,000, iwe dakika tatu.

Vyoo vyenu 12 vinatosha kwa hesabu, kwani kiwango ni tundu moja kwa watu 20, na siku za mwanzo hukubalika moja kwa watu 50. Shida itakuwa usiku. Choo kilicho gizani, chenye mlango usiofungwa, hakitatumiwa na wanawake wala watoto, na asubuhi mtakuta kinyesi nyuma ya madarasa. Wekeni taa, komeo, na mgawanyo ulio wazi wa upande wa wanawake na wa wanaume. Nje ya kila choo kuwe na kibuyu chirizi na sabuni, na mtu mmoja wa zamu ahakikishe maji yamo muda wote. Angalieni pia kama mashimo hujaa maji ya mvua, na kama kisima kipo chini ya mteremko au karibu na vyoo kwa chini ya mita 30. Kikiwa hivyo, kisitumike kabisa.

Mtu akianza kuharisha, maji ndiyo dawa yake ya kwanza. Pakiti za chumvichumvi ziwepo ofisini tangu mwanzo. Zikikosekana, lita moja ya maji salama hutiwa vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, na mgonjwa anywe kidogo kidogo kila baada ya kuharisha. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, na mhudumu ampe madini ya zinki. Kipindupindu hutoa choo kama maji yaliyooshea mchele, na kinaweza kuua ndani ya saa chache; bila tiba huweza kuua hadi nusu ya walioshikwa vikali, lakini kwa tiba ya mapema hufa chini ya mmoja katika mia. Kwa hiyo mtu yeyote wa miaka miwili na kuendelea anayeharisha maji mengi hadi kulegea na macho kuingia ndani, pigeni simu wakati huohuo kwa afisa afya wa kata, au 199 ya Wizara ya Afya, ambayo haina malipo. Msisubiri wa pili. Pale alipotapika, mwageni klorini ya asilimia 0.5; ikiwa chupa ya dawa inaonyesha asilimia 5, sehemu moja ya dawa ichanganywe na sehemu tisa za maji.

Majeraha yaoshwe kwa maji mengi na sabuni siku ileile, na waliojeruhiwa wapate chanjo ya pepopunda. Baada ya tsunami ya 2004, mkoa wa Aceh nchini Indonesia ulipata wagonjwa wa pepopunda zaidi ya 100 kutokana na vidonda vya matope. Malaria kwenu si ya haraka, ila kama shule yenu ingekuwa Kyela ningeandika vingine: huko madimbwi ya mafuriko huzaa mbu, na wagonjwa huongezeka kati ya wiki ya nne na ya nane, wakati wafadhili wameshaondoka. Vyandarua vigawiwe mapema.

Yote haya yanashikiliwa na daftari moja mlangoni. Siku ya kwanza liandike kaya, idadi, umri wa watoto na wajawazito. Kila asubuhi baada ya hapo, mwalimu wa zamu apite darasa kwa darasa akihesabu wanaoharisha, wanaokohoa kwa homa na wenye vipele. Dakika 20 zinatosha. Idadi ya waharishaji ikipanda kutoka wawili hadi watano kwa siku moja katika darasa lilelile, mtajua ndoo ipi ya kuikagua kabla hospitali haijajua kwamba kuna tatizo.

Wanafunzi warudi baada ya madarasa kuoshwa kwa klorini, godoro na mikeka yote kutolewa, tanki kusafishwa na mashimo ya vyoo kukaguliwa. Kama kulikuwa na kipindupindu, hesabuni siku kumi bila mgonjwa mpya, ambazo ni mara mbili ya muda mrefu zaidi wa ugonjwa kujificha mwilini. Kabla familia ya mwisho haijaondoka, fungueni daftari ukurasa wa watoto waliochanjwa surua wakiwa na miezi sita, saba na minane. Dozi hiyo haihesabiwi katika ratiba ya kawaida, nao watahitaji nyingine wakifika miezi tisa na miezi 18. Nakili ya ukurasa huo ipelekwe kliniki ya kata, kwa kuwa wazazi wao wanaondoka wakiamini kwamba watoto wameshamaliza chanjo.